Ng'ombe wangu, kola mbili na vihisi vitatu

Ukitaka kulinda ng'ombe wako kwa vihisi na kola zinazokuarifu kwenye simu, usianze dukani, anza na karatasi. Chora zizi, mto, njia, na mahali ambapo ng'ombe hana pa kupitia pengine. Kwangu, nje kidogo ya Mafinga, mkoani Iringa, pako patatu: geti la zizi, daraja la magogo bondeni, na kichochoro kinachoingia kwenye misonobari ya Sao Hill. Hapo ndipo nilipofunga vihisi vya kudumu. (Fundi wangu huviita sensa. Mama jirani aliposikia naweka sensa darajani, akaja kuuliza kama tunahesabiwa tena.)

Kihisi cha bei nafuu hakimwoni ng'ombe. Kinahisi joto linalokatiza mbele yake. Kwa hiyo kielekeze kukata njia. Mnyama anayekijia uso kwa uso, kinachelewa kumgundua. Kifunge usawa wa kifua cha ng'ombe, fyeka nyasi mbele yake, wala usikigeuzie mashariki. Cha darajani nilikigeuzia huko. Kila asubuhi ukungu ukipisha jua, simu inapiga kelele, hadi mke wangu akaizima.

Kola za GPS, zinazotuma kwenye simu mahali mnyama alipo, nimevalisha mbili tu: Sikitu, jike anayeongoza kundi, na mtamba mmoja mtoro. Chini ya misonobari minene kola hudanganya, itakuonyesha ng'ombe yuko ng'ambo ya mto kumbe yuko hapo hapo. Nukta moja kwenye ramani isikutoe mbio. Subiri ya tatu. Mwanzoni niliziweka zitume kila dakika 2, betri ikafa upesi. Sasa hutuma kila nusu saa, ila mnyama akivuka mpaka niliouchora kwenye simu, kola inaanza yenyewe kutuma kila dakika 2.

Kazi hasa ni kuvisikiliza vyote pamoja. Kutoka getini hadi darajani ni mita 800. Ng'ombe anayejiendea kilomita 3 hadi 4 kwa saa atatumia dakika 12 hadi 16. Geti likilia, angalia saa. Daraja likilia baada ya dakika 5, wanaswagwa mbio, amka. Daraja likilia na geti limenyamaza, tazama kola ya Sikitu. Kama yuko zizini, rudi ulale.

Kilichoniumiza ni saa. Julai moja mtamba alichukuliwa usiku. Geti liliandika 02:38, kola ikaandika 23:40. Nikasoma saa tano na dakika arobaini, nikaona mtoro katoka mapema kwa njia zake, na getini ni jambo lingine. Tukagawana makundi mawili gizani, baridi ile ya Mufindi. Kumbe kola ilikuwa kwenye saa ya Greenwich, nyuma yetu kwa saa 3: zilikuwa dakika 2 tu baada ya geti. Mtamba tulimkuta asubuhi kafungwa kwenye msonobari. Siku hiyo hiyo nilipanga vifaa vyote kwa saa za Afrika Mashariki.

Daraja si langu peke yangu, wanafunzi hupita pale. Kabla ya kufunga nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji, tukaelewana kamera ikae getini kwangu tu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura ya mtu ni mali yake. Kihisi cha darajani hakipigi picha, kinasema tu kimepita kitu. Mzee mmoja nimemweleza mara mbili, lakini kila akipita bado anakipungia mkono: "Kamwene!"