Kufuma rebozo ya Wapurepecha kwa mkanda wa kiunoni

Rebozo ni mtandio mrefu ambao wanawake wa Kipurepecha, kwenye nyanda za juu za Michoacán nchini Meksiko, hujitanda, hubebea mtoto na kufungia mizigo. Vijiji vya Ahuiran na Angahuan vina sifa kwa kazi hii. Iliyozoeleka ni nyeusi au ya buluu nzito, yenye mistari myembamba ya samawati na nyeupe inayofuata urefu wa kitambaa. Mistari hiyo hupatikana wakati wa kutanda, yaani kupanga nyuzi za urefu (mtande), wala si wakati wa kufuma, yaani kupitisha uzi wa upana (mshindio). Mtande ukiharibika, mshindio hautauponya.

Anza na hesabu. Upana wa sentimita 70 wenye nyuzi 20 kwa kila sentimita unataka nyuzi 1,400. Kitambaa kiwe mita 2.2, matamvua sentimita 40 kila mwisho, kisha ongeza asilimia 10 ya urefu wa kitambaa, kwa kuwa mtande hupanda na kushuka juu ya mshindio na hivyo hufupika. Jumla ni mita 3.22, basi tanda mita 3.3. Hizo ni mita 4,620 za uzi wa pamba, bila mshindio.

Zungusha uzi kwenye vigingi, na kati ya viwili vya mwisho uupitishe kwa umbo la nane. Makutano hayo ndiyo yanayotenga uzi wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne. Yafunge kwa kamba kabla ya kuutoa mtande. Yakichomoka, umebaki na rundo la nyuzi. Unapobadili rangi, fundo liwe kwenye kigingi cha mwisho. Fundo la katikati hukwama kwenye vitanzi vya uzi vinavyoinua mtande na kukata nyuzi za jirani. Kubwa zaidi ni mvuto: mkono uliochoka hulegeza uzi, na nyuzi zilizolegea hutoa kitambaa chenye mawimbi upande mmoja. Ukichoka, pumzika.

Mtande ukiwa bado umefungwa, uchovye kwenye uji mwepesi: gramu 50 za unga wa mahindi kwa lita moja ya maji, upikwe na kuchujwa. Kamua, tandaza, na uchambue nyuzi kwa vidole zinapokauka. Uji mzito hugandisha nyuzi, na mwanya, yaani nafasi kati ya nyuzi unamopita mshindio, usifunguke. Mwepesi mno huacha manyoya yanayosuguana hadi uzi ukatike.

Mtande huvishwa miti miwili, mmoja kila mwisho: wa mbali hufungwa kwenye nguzo, wa karibu kwenye mkanda unaozunguka kiuno chako. Nusu ya nyuzi hushikwa na vitanzi vilivyofungwa kwenye ufito. Nusu nyingine hupita juu ya kijiti kinene nyuma yake. Acha sentimita 40 bila kufuma, kisha pachika kijiti cha kupigia mstari wa kwanza.

Kufungua mwanya wa vitanzi, inama mbele kidogo ili mtande ulegee, inua ufito, ingiza upanga wa mbao na uusimamishe kwa ubavu wake. Pitisha mshindio mweusi, rudi nyuma mtande ukaze, piga. Kwa mwanya wa pili, sogeza kijiti kinene kuelekea vitanzi, ukipapasa nyuzi kwa kiganja ziachane. Mwili wako ndio kikaza. Ukikaa vibaya, kitambaa husema.

Kasoro inayowasumbua wengi ni kitambaa kusinyaa upana. Husababishwa na mshindio uliovutwa ukanyooka. Ulaze kwa upinde, ndipo upige. Funga pia ufito wa sentimita 70 chini ya ukingo unaofumwa, ncha zake zikishika pindo zote mbili, na uusogeze mbele kila baada ya sentimita 3. Nyuzi zikianza kukatika kwenye vitanzi, zipake maji kidogo kwa kitambaa. Pamba kavu ni dhaifu.

Ukishatoa kitambaa, matamvua hufungwa kwa mkono. Gawa nyuzi mafungu ya 20, fundo likigusa mshindio wa mwisho kabisa, vinginevyo utafumuka. Safu ya pili, chukua nyuzi 10 za fungu moja na 10 za jirani, sentimita moja chini. Rudia, na wavu wa almasi utajitokeza. Fua rebozo baada ya mafundo yote kufungwa, kwa maji baridi, ili uji utoke na pamba ilainike.