Choo, sweta na kuagana: kumwandaa mtoto kwa siku ya kwanza ya chekechea

Desemba ikifika, wazazi wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini hukazana kumfundisha mtoto a-e-i-o-u na kuhesabu mpaka 20, wakihofia asije akaachwa nyuma na wenzake. Herufi ni kazi ya mwalimu, naye ana mwaka mzima wa kuifanya. Kinachomliza mtoto wiki ya kwanza ni suruali isiyofunguka akiwa amebanwa na mkojo, choo cha shimo asichokizoea, sweta lililolowa na mama aliyetoweka bila kuaga. Haya yote hufundishwa au kuzuiwa nyumbani, na wiki nne zinatosha ukianza mapema Desemba.

Karatasi zimalizike kwanza. Shule itataka cheti cha kuzaliwa au nakala yake, na nyingi huangalia kadi ya kliniki. Ifungue uone kama chanjo ya surua na rubella imeandikwa mara mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Hii ya pili husahaulika sana, maana mtoto akishatembea na kula ugali, safari za kliniki hupungua. Kama hana cheti na bado hajatimiza miaka 5, nenda ofisi ya kata au kituo cha afya, ambako watoto wa umri huo husajiliwa bila malipo. Mkoani Mbeya utaratibu huo upo tangu 2013.

Sasa choo, na hapa usiwe na haraka. Suruali au sketi iwe ya lastiki kiunoni. Mkanda na kifungo kigumu cha kiunoni huonekana nadhifu dukani, lakini mtoto akibanwa ana dakika moja au mbili tu, na mwalimu ana darasa zima la kuangalia. Mfanyishe mazoezi akiwa amevaa sare kamili pamoja na sweta, maana sweta refu hushuka na kulowa. Apandishe sweta mpaka kifuani, ashushe suruali hadi magotini tu (ikifika kwenye vifundo itagusa sakafu yenye maji), atanue miguu, achuchumae, amalize, ajisafishe, apandishe, anawe. Msichana afundishwe kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usimletee maambukizi ya njia ya mkojo.

Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya choo cha kukaa huliogopa tundu. Anadhani atatumbukia. Mpeleke kwa bibi au kwa jirani mwenye choo cha shimo, msimame naye mlangoni mara ya kwanza, mara ya pili umshike mikono akichuchumaa, halafu umwache peke yake mlango ukiwa umerudishwa tu. Ukiruka hatua hii atabana mkojo tangu asubuhi, na atajikojolea njiani akirudi. Mwonyeshe pia kibuyu chirizi, kopo la maji linaloinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga, kinavyotumika: akanyage kijiti, alowanishe mikono, apake sabuni, asugue, akanyage tena. Shule nyingi hunawia hivyo.

Baada ya choo yanakuja maneno ya kuomba ruhusa ya kwenda huko. Nyumba nyingi Rungwe, Makete, Njombe na vijiji vya Iringa huongea Kinyakyusa, Kikinga, Kibena au Kihehe, na huo ni utajiri wa kutunzwa. Lakini mwalimu anaweza kuwa ametoka Tabora au Tanga, na mtoto akiomba choo kwa lugha ya nyumbani hataeleweka. Mwongezee sentensi tano za Kiswahili, azizoee mpaka zitoke bila kufikiri: “Mwalimu, naomba kwenda chooni.” “Naumwa hapa.” “Naomba maji.” “Sijaelewa.” “Huyu ananipiga.” Aliyezoea kusalimia “ugonile” au “kamwene” ajue pia kuamkia “shikamoo, mwalimu.” Ajue majina yake mawili, jina la mzazi na mtaa anaokaa. Namba ya simu ishonewe ndani ya begi, maana akiwa analia hataikumbuka.

Kuna kauli moja ya kuifuta nyumbani kabisa: “Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha.” Ukiisema mara mbili tu, mtoto ataogopa kumwomba mwalimu ruhusa ya choo, na mazoezi yote ya juu yatakuwa kazi bure. Waambie na kaka zake waache kumtania hivyo.

Januari kwetu ni mvua, matope na ubaridi wa asubuhi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Sweta la nyuzi lililofuliwa jioni halikauki mpaka kesho, na penye ukungu linachukua hata siku mbili. Kwa hiyo kama fedha ni kidogo, punguza kwenye begi lenye picha, ununue masweta mawili. Ukilifua, likunje ndani ya taulo kavu, likanyage kwa miguu taulo linywe maji, ndipo ulianike. Usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala ili likaushe nguo au kutia joto: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Masweta yote darasani ni ya rangi moja, na mtoto hajui kusoma jina lake. Liandike jina kwa uzi, lakini shona pia kitufe chekundu ndani ya kola ili alitambue mwenyewe. Viatu mpimie jioni, mguu ukiwa umetanuka, akiwa na soksi, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya sentimita moja. Kumnunulia kikubwa cha kuvaa miaka miwili ni hasara, kitachomoka kwenye matope. Chagua vyenye mkanda wa kunata. Gambuti za mvua ni nzuri kwa njiani, ila muulize mwalimu kama mtoto anaweza kubadilisha akifika.

Begi likijaa lisizidi kilo moja na nusu. Weka daftari, penseli mbili, kikombe cha uji, na chupi, suruali na soksi za akiba ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Nguo ikilowa itarudi ndani ya kopo hilohilo bila kuharibu daftari. Hakikisha anaweza kuufungua mfuniko mwenyewe.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Akiamshwa saa 12 asubuhi, saa 2 usiku awe ameshalala. Usibadilishe ghafla, wiki mbili kabla, mlaze dakika 15 mapema zaidi kila baada ya siku mbili. Asubuhi ale kabla ya kuvaa sare: uji wa ulezi na yai, au chai ya maziwa na kiazi kilichochemshwa usiku. Azoee kuunywa uji kwa kikombe, bila kijiko.

Njia ya shule itembeeni angalau mara mbili, kwa saa ileile ya asubuhi. Wanaokaa karibu na barabara kuu ya Zambia, kwa mfano Uyole, Makambako au Mafinga, wajue kwamba mtoto wa umri huu hawezi kukadiria mwendo wa lori. Avushwe na mtu mzima kila siku. Kwenye bodaboda, kamwe asikae mbele juu ya tanki. Mpe mwalimu majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua, na mtoto awajue.

Kuagana nako kuna mazoezi yake. Mwache kwa shangazi nusu saa, siku nyingine saa moja, kisha saa tatu, na kila mara muage na urudi ulivyoahidi. Hajui saa, hivyo mwambie: “Mkishakunywa uji na kucheza nje, nakuja.” Siku yenyewe mkumbatie, sema neno hilo, mkabidhi mkononi mwa mwalimu, uondoke. Usichungulie dirishani. Anayetoroka mtoto akiwa amegeuka humfundisha kwamba akigeuka anaachwa, na kesho hataiachia kanga yako.

Kilio cha mlangoni cha wiki moja au mbili ni cha kawaida. Muulize mwalimu kinadumu muda gani ukishaondoka. Kikiisha ndani ya dakika chache, mambo yako sawa. Lakini kama wiki ya nne bado analia asubuhi nzima, ameanza tena kukojoa kitandani, hali chakula au ana alama mwilini, nenda ukaongee na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, mtoto akiwa hasikii. Jumatatu ya wiki ya pili kilio hurudi hata kwa aliyekuwa ametulia Ijumaa. Usimbakize nyumbani siku hiyo. Muage kwa neno lilelile, na uwahi kumchukua.