Somo: shika mshipa, shusha pumzi, usikilize moyo unavyobadili mwendo

Baridi ya Juni ilipokaza hapa Tukuyu, niliwapa kidato cha tatu kazi ya kuhesabiana mapigo ya moyo. Msichana mmoja alimshika mwenzake mkono, akakunja uso: "Mwalimu, moyo wa huyu unakosea. Unakimbia, halafu unazubaa." Darasa likacheka, mwenye moyo akaanza kutetemeka. Nikamwambia haumwi, ni pumzi zake tu.

Wengi hatulijui hili, hata sisi wa kwaya tunaoshinda tukifundishana kupumua. Lijaribu kwanza, maelezo baadaye.

Hatua ya 1. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, utulie dakika tano. Kama umetoka kupandisha kilima na ndoo kichwani, ongeza muda.

Hatua ya 2. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usipimie dole gumba, lina mapigo yake, litakuchanganya. Ukipimia shingoni, usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja. Mtu anaweza kuzimia.

Hatua ya 3. Hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Wakimbiaji hushuka chini ya hapo.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye utamu. Vuta pumzi puani taratibu ukihesabu moja hadi nne, tumbo lijae, mabega yatulie. Ishushe ukihesabu hadi sita. Vidole visibanduke mshipani. Ukivuta, mapigo yanasogeleana, ukishusha, yanaachana. Mzunguko mmoja ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati kwa kawaida tunapumua mara 12 hadi 20. Endelea dakika mbili, tatu. Midomo ikifa ganzi au kichwa kikizunguka, unahema kwa nguvu mno na kumaliza kaboni dayoksaidi mwilini. Acha, pumua kawaida.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sehemu ndogo ndani ya moyo ndiyo huanzisha mapigo, na ikiachwa peke yake ingepiga kama mara 100 kwa dakika. Inayoizuia ni neva ya vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni. Ukivuta pumzi, ubongo unalegeza breki hiyo, ukishusha, unaikanyaga. Aliyewahi kuteremka mlima mkali wa Kitonga na lori la viazi anajua kazi ya breki: kukanyaga, kuachia, kukanyaga tena. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alionyesha kwa mioyo ya vyura kwamba neva hii inafanya kazi kwa kumwaga kemikali, ambayo leo tunaiita asetilikolini.

Kwa nini pumzi 6? Presha ya damu nayo hupanda na kushuka kwa wimbi la karibu sekunde 10. Pumzi ikiangukia humohumo ni kama kusukuma bembea wakati inapoanza kurudi: mwendo unakuwa mkubwa. Ndiyo maana madaktari hutumia pumzi za namna hii kupima kama neva za moyo za mgonjwa wa kisukari bado zinaitika.

Maswali yenu

*Mama wa Njombe:* Kamwene mwalimu. Nina miaka 63 na kisukari. Nimejaribu, mapigo hayabadiliki kabisa. Nife sasa?

Kamwene, mama. Hapana, usife. Umri wenyewe hupunguza tofauti hiyo, na vidole si mashine. Lakini kisukari cha muda mrefu huweza kudhoofisha neva hizo, kwa hiyo litaje kliniki siku yako ya kwenda. Na dawa za presha usiziache kwa sababu ya zoezi hili.

*Kijana wa Dar:* Nilipanda Kitulo, moyo ulinidunda hata nikiwa nimekaa. Pumzi za taratibu zingesaidia?

Kidogo, kwa kukutoa hofu. Kitulo ni kama mita 2,600 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni karibu robo tatu ya ule wa kwenu pwani. Moyo unakimbia kufidia oksijeni. Pumzika, siku mbili tatu utazoea.

*Fundi wa Uyole:* Shikamoo mwalimu. Yangu yanaruka ovyo, nikivuta au nisipovuta.

Marahaba. Hayo ndiyo ya kupeleka hospitali, wakupime ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Yanayofuata pumzi hayanitishi. Yasiyofuata chochote yananitisha. Ukipata na maumivu ya kifua au kuzimia, nenda leo.

*Alto wa Rungwe:* Kwa hiyo tukiimba pamoja, mioyo yetu inakwenda pamoja?

Ndiyo, dada. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapima waimbaji vijana, wakachapisha mwaka 2013: waliposhusha pumzi pamoja kwenye mistari mirefu, mioyo ilipanda na kushuka pamoja. Tutajaribu Jumamosi mazoezini, ila besi tuwatenge. Wao huvuta pumzi katikati ya neno.