Jinsi ya kumsaka mwenye kampuni ya ng'ambo

Mimi ndiye ninayepekua makabrasha kabla bosi hajasaini mkataba. Kuwa na kampuni Visiwa vya Virgin vya Uingereza au Cayman, ambako wageni wengi husajili kampuni zao, si kosa. Mimi nataka kujua tu pesa ni za nani.

Anza na wakala. Kule Visiwa vya Virgin kila kampuni lazima iwe na wakala aliyesajiliwa, naye hutoa cheti kinachotaja wakurugenzi na wanahisa. Dai cha mwezi huu. Cha mwaka jana kinakuambia habari za mwaka jana.

Ukikuta mwanahisa ni kampuni nyingine, usiishie hapo. Panda juu mpaka ufike kwa mtu mwenye pasipoti. Huyo ndiye mmiliki manufaa, yaani binadamu anayefaidika na kampuni hasa. Jihadhari na kiwango: Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida humsajili mwenye zaidi ya asilimia 25. Ndugu watano wakigawana 20 kwa 20, huenda asitokee hata mmoja. Kwa hiyo mimi huomba orodha ya wote wenye kuanzia asilimia 10, na huuliza pia nani ana saini benki. Swali hilo la saini huwatoa watu jasho kuliko yote.

Kisha tafuta majina kwenye hifadhidata ya ICIJ, muungano wa kimataifa wa wanahabari wapekuzi, ile iliyokusanya Panama Papers, nyaraka za kampuni za ng'ambo zilizovuja 2016, na nyinginezo. Kuna kampuni zaidi ya 800,000, na kutafuta ni bure. Jina kuwemo si ushahidi wa hatia; kutokuwemo nako si cheti cha usafi, maana nyaraka zenyewe ni za zamani.

Kama kampuni ina nyumba Uingereza, fungua sajili ya Companies House, msajili wa kampuni wa kule. Tangu Agosti 2022 sheria inazitaka kampuni za nje zenye ardhi kule zitaje wamiliki wake. Kwa Umoja wa Ulaya mlango umebanwa: Novemba 2022 mahakama yao ilifuta ruhusa ya kila mtu kuchungulia sajili za wamiliki manufaa, sasa ueleze una maslahi gani.

Usitegemee CRS, mfumo wa nchi kupashana habari za akaunti za benki za wageni. Nchi zaidi ya 100 hupeana taarifa za akaunti, ila zinakwenda kwa mamlaka za kodi, wewe huzioni. Marekani haimo kabisa. Ina FATCA yake, sheria ya 2010 inayotaka benki za nje ziripoti akaunti za Wamarekani.

Mwisho, mhusika atie saini tamko la umiliki, na mkataba useme uongo unauvunja. Akigoma, naandika "hajathibitishwa" kwenye faili, na malipo hayatoki.