Unatumia dawa ya kolesteroli na unaogopa saratani ya ini? Fuata hatua hizi

Mimi ni mfamasia, niko Morogoro, na wengi wanaofika dirishani kwangu ni wazee wa presha na kisukari. Swali linalonikosesha raha ni hili: "Mwanangu, nimesikia hizi dawa za mafuta zinaleta saratani ya ini. Niache?" Huyo anayeuliza ana nafuu. Wapo wasiouliza: wanachukua amlodipini ya presha, wanachukua metformini ya kisukari, halafu atorvastatini ya kolesteroli wanasema "hiyo bado ninayo nyumbani". Mtu aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo akiiacha dawa hii, anajirudisha mwenyewe kwenye hatari aliyonusurika nayo. Ndiyo maana naandika.

Anza kwa kujua unachomeza. Usitazame jina kubwa la kibiashara, tafuta lile dogo la kitaalamu. Likiishia na "statin", kama atorvastatini, simvastatini au rosuvastatini, basi ndiyo dawa ninayoizungumzia. (Nistatini ya fangasi wa mdomoni haimo, ingawa jina linafanana, nimeshaona watu wakizichanganya.) Ini lenyewe hutengeneza kolesteroli. Statini hukifunga kimeng'enya kimoja kwenye kazi hiyo, na ini likipungukiwa huanza kuvuta kolesteroli mbaya, ile LDL, kutoka kwenye damu. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata ya kwanza ya aina hii kutoka kwenye kuvu, katika miaka ya 1970, na mwaka 1987 lovastatini ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Kwa kuwa dawa inafanya kazi ndani ya ini, mtu kuuliza kama inalidhuru ni haki yake kabisa.

Na hofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Newman na Stephen Hulley, waliandika katika jarida la kitabibu la JAMA kwamba dawa za kupunguza mafuta, statini pamoja na fibreti (aina nyingine ya dawa za mafuta), zilisababisha saratani kwa panya wa maabara. Ni kweli, panya waliopewa dozi kubwa walipata uvimbe wa ini. Lakini ini la panya haliitikii dawa hizi sawasawa na la binadamu, hasa fibreti, kwa hiyo jibu lilipaswa kutafutwa kwa watu.

Lilitafutwa. Mwaka 2012 zilichapishwa takwimu za majaribio 27 yaliyokusanya watu wapatao 175,000, wengi wao wakifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Saratani haikuongezeka kwa waliomeza statini, si ya ini wala ya kiungo kingine. Halafu mwaka 2019 ukatoka utafiti wa Sweden uliohusu watu wenye virusi vya homa ya ini B au C, yaani hasa wale tunaowahofia. Katika miaka kumi, saratani ya ini iliwapata asilimia 3.3 ya waliotumia statini zinazoyeyuka kwenye mafuta, kama atorvastatini na simvastatini, na asilimia 8.1 ya wasiotumia.

Hapo naomba utulie. Utafiti ule wa Sweden ulitazama tu watu walivyoishi, haukuwagawa kwa kura nani apewe dawa na nani asipewe. Madaktari wengi husita kumwandikia statini mtu ambaye ini lake limeshachoka, kwa hiyo huenda waliopewa walikuwa na afya bora tangu mwanzo, hata kama watafiti walijitahidi kulinganisha. Kwa hiyo usinunue statini ili ujikinge na saratani ya ini. Chukua lile tulilo na uhakika nalo zaidi: hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba inaileta.

Sasa vipimo. Kabla ya kuanza dawa, mwambie daktari unataka kipimo cha mafuta kwenye damu, vimeng'enya vya ini (kwenye karatasi utaona ALT na AST), na kipimo cha homa ya ini B kinachoitwa HBsAg. Hiki cha mwisho kitaje kwa jina, maana husahaulika, na kwangu ndicho cha maana kuliko vyote. ALT ikipanda kidogo baada ya kuanza dawa, usitishike. Mara nyingi hushuka yenyewe. Kinachomfanya daktari afikirie kusimamisha au kubadili dawa ni kikipanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na hilo huwapata wachache sana. Tangu 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliondoa hata lile sharti la kupima ini kila baada ya muda kwa kila mtumiaji. Unapima kabla ya kuanza, na baadaye ukiwa na sababu.

Kuwa na mafuta kwenye ini si sababu ya kukataa statini. Wenye hali hiyo mara nyingi wana kisukari na kitambi pia, na moyo wao ndio ulio hatarini zaidi. Lakini kama ini limeshajaa makovu, tumbo linajaa maji au macho yamekuwa manjano, usianze wala kuendelea kwa uamuzi wako. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa.

Rudi hospitali haraka ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai isiyo na maziwa, macho ya manjano, uchovu usioelezeka, au misuli inauma na kukosa nguvu. Mjamzito au anayetafuta mimba azungumze na daktari mapema, kwani wengi hushauriwa kusimamisha.

Ukija dirishani, taja kila unachotumia. Simvastatini haipatani na antibiotiki ya klarithromaisini, wala na baadhi ya dawa za VVU zenye ritonaviri. Ukiwa kwenye amlodipini, simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Balungi kwa wingi hupandisha simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Na ile mizizi ya kuchemsha uliyoletewa na jirani, itaje pia, mama yangu. Sitakugombeza. Nataka kujua, kwa sababu ini likiumia tutailaumu statini, na huenda kosa ni la mizizi.

Nguvu uliyotaka kuitumia kuogopa kidonge, ielekeze huku. Saratani ya ini kwetu ina wenyewe: virusi vya homa ya ini B na C, pombe, mafuta kwenye ini, na sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Hao walikufa kwa sumu ya ghafla. Ile inayoliwa kidogokidogo miaka mingi ndiyo inayoleta saratani, na mwenye virusi vya B hatari yake huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mawili hayo yanasaidiana. Kupika hakuiondoi. Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si ardhini, yakauke vizuri kabla ya kuyaweka ghalani. Chambua yaliyovunjika, yenye ukungu na yaliyobadilika rangi, na hayo uliyoyatoa usiyapeleke kwenye pombe wala kwa kuku. Karanga yenye uchungu iteme.

Kuhusu homa ya ini B, kinga yake iliingia kwenye chanjo za watoto wetu mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata utotoni. Kipimo chako kikisema huna virusi, na hujawahi kuchanjwa, omba chanjo: sindano ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kikisema unavyo, statini yako endelea nayo kama daktari alivyoandika, ulizia kama unahitaji dawa ya virusi na ultrasaundi ya ini kila miezi sita, na mpeleke mwenza wako na watoto wakapimwe wiki hiyohiyo.