Jinsi ya Kupima Mradi wa Monoreli Kabla Jiji Halijasaini Mkataba

Monoreli, yaani treni ya reli moja iliyoinuliwa juu, imepewa sifa ya kuwa pambo la jiji, na sifa hiyo haina haki. Wuppertal, Ujerumani, treni zinazoning'inia juu ya mto zinabeba wafanyakazi na wanafunzi tangu 1901. Monoreli zilizoshindwa zilishindwa kwa sababu zinazoonekana mapema, mchoro ukiwa bado mezani, kwa anayejua pa kutazama.

Anza na ramani. Picha za rangi zisubiri. Tia alama wanakoishi watu, wanakofanya kazi na wanakobadilisha usafiri. Monoreli ya Sydney, iliyofunguliwa 1988, ilikuwa duara la kilomita 3.6 ambalo treni zake zilizunguka upande mmoja tu. Abiria aliyetaka kurudi kituo kimoja nyuma alilazimika kulizunguka duara lote. Ilifungwa 2013. Ya Las Vegas ilianza 2004 ikipita nyuma ya mahoteli bila kufika uwanja wa ndege, na mwaka 2010 kampuni yake ilifilisika. Tokyo, kwa upande wake, iliielekeza monoreli yake uwanja wa Haneda mwaka 1964, na hadi leo ina kazi ya kutosha.

Kisha uliza: kwa nini monoreli, na si kitu kingine? Jibu zuri lipo Chongqing, China, mji wa milima na mito. Tairi la mpira hukamata vizuri kwenye mwinuko wa asilimia 6, na boriti nyembamba inayobeba treni hupenya kati ya majengo. Kituo cha Liziba kimo ndani ya jengo la ghorofa. Kama mji wako ni tambarare na barabara zake ni pana, dai ulinganisho wa maandishi na mabasi yaendayo haraka kwenye njia ileile.

Hesabu ya abiria uifanye mwenyewe. Zidisha watu wa treni moja kwa idadi ya treni katika saa. Treni ya watu 560 ikija kila dakika 3 hubeba 11,200 kwa saa kila upande. Ikija kila dakika 15 hubeba 2,240 tu. Waliosimama wahesabiwe 4 kwa mita ya mraba, hata kama kipeperushi kinasema 6 au 8. Halafu ulizia kikomo cha uzito, maana hapo ndipo penye hatari. Agosti 2025, mjini Mumbai, treni ilijaa kupita kiasi wakati wa mvua kubwa, kifaa cha kupokea umeme kikaachana na reli ya umeme, na abiria wakaokolewa kwa magari ya ngazi ya zimamoto.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni boriti. Treni huikumbatia: matairi ya juu hubeba uzito, ya pembeni huongoza na kuzuia gari lisilale. Kampuni ya Hitachi ya Japani hutumia boriti ya upana wa sentimita 85 kwa treni zake kubwa. Mfumo wa treni za Innovia uliopo São Paulo, Brazili, hutumia ya sentimita 69. Ukishamwaga zege, umeshamchagua muuzaji wa treni kwa miaka mingi ijayo. Mumbai ilikosana na mkandarasi wake, na uhaba wa vipuri ukaacha treni zimelala karakanani. Kwa hiyo mkataba ulipe jiji haki ya kutumia michoro yote, orodha ya vipuri yenye bei, na ruhusa ya kutengenezesha kwingine mtengenezaji akifunga kiwanda.

Swichi nazo ziangaliwe. Ili treni ibadilishe njia, kipande kizima cha boriti lazima kisogee, na kazi hiyo huchukua sekunde nyingi kuliko swichi ya reli ya kawaida. Ziwekwe mwisho wa njia, karakanani, na katikati kwa ajili ya kugeuza treni pale sehemu moja inapoharibika. Bila hizo za katikati, hitilafu moja husimamisha njia nzima.

Njia ya watu kutembea kando ya boriti ni ya lazima. Muuzaji atasema inaharibu sura na kuongeza gharama, usikubali. Bila hiyo, kila uokoaji hungoja treni nyingine au ngazi ya zimamoto.

Matairi hayasamehe uzembe. Februari 2020 tairi lilipasuka kwenye njia ya monoreli namba 15 ya São Paulo, huduma ikasimama kwa takriban miezi mitatu. Dai kipimo cha upepo wa kila tairi kinachosomeka chumba cha udhibiti treni ikiwa inatembea.

Treni zijaribiwe kwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria kamili, mvua ikinyesha. Barabara na njia za miguu chini ya boriti zifungwe muda wote wa majaribio: Kuala Lumpur, Agosti 2002, gurudumu lilidondoka kutoka kwenye treni ya majaribio likamjeruhi mpita njia.