Jinsi ya kuandika insha kuhusu hatia na maumbile yaliyovurugika katika Macbeth

Katika tamthilia hii ya Shakespeare, Macbeth anamuua Duncan, mfalme wake. Wanafunzi wengi wakipewa swali hili hukusanya bundi, giza na damu, wakavitia kapu moja na kuandika "maumbile yanamhukumu Macbeth". Insha ya namna hiyo haiendi mbali. Tenganisha mapema yale yanayosikiwa na muuaji peke yake na yale yanayoonwa na kila mtu.

Hatua ya 1: Soma sehemu chache, uzisome vizuri. Anza na Tendo la 2, Onyesho la 2 hadi la 4, kwa mkao mmoja. Kisha rukia Tendo la 5, Onyesho la 1. Tafsiri ya S. S. Mushi, *Makbeth* (1968), inafaa, ila ukishachagua nakala, nukuu kutoka hiyo hiyo hadi mwisho.

Hatua ya 2: Chora jedwali la safu tatu. Andika kinachotokea, anayekisema, na nani mwingine anakishuhudia. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Macbeth anatoka chumbani kwa Duncan na kumuuliza mkewe kama amesikia sauti. Mke amesikia bundi na nyenje tu. Ile sauti iliyolia kwamba Macbeth ameua usingizi haina shahidi mwingine, kwa hiyo iweke upande wa nafsi inayomsuta. "Amina" iliyomkwama kooni nayo ni ya huko huko.

Hatua ya 3: Andika aya ya nafsi. Usiishie kwa mume. Usiku wa mauaji mke anasema maji kidogo yatawasafisha. Katika Tendo la 5 anatembea usingizini akisugua mikono, na mhudumu wake anamwambia daktari kwamba amewahi kumwona akiendelea hivyo kwa robo saa nzima. Weka sehemu hizo mbili bega kwa bega, hoja itajitokeza yenyewe.

Hatua ya 4: Andika aya ya maumbile. Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kwetu bundi ni uchuro, basi mwanafunzi huandika hivyo na kupita. Katika Onyesho la 4 jambo ni zito zaidi: bundi, ndege wa kuwinda panya, anamuua kozi aliyekuwa juu angani. Wa chini amemuua wa juu, kama mtumishi alivyomuua mfalme. Farasi wa Duncan nao wanavunja mazizi na kulana, na Ross, mmoja wa watukufu wa Uskoti, anasema ameona kwa macho yake. Angalia wakati pia: mzee anayezungumza na Ross anasema kozi aliuawa Jumanne iliyopita, kwa hiyo usiandike kwamba ni usiku ule ule.

Ukitaka kuonyesha kwamba Shakespeare alichagua kwa makusudi, taja kwa sentensi moja historia ya Holinshed, mwandishi ambaye Shakespeare alichota kisa hiki kwake. Humo, maajabu ya aina hii yanafuata kuuawa kwa mfalme mwingine, Duff, ambapo jua na mwezi havikuonekana kwa miezi 6. Shakespeare aliyahamishia kwa Duncan.

Hatua ya 5: Unganisha pande mbili. Mahali pazuri ni asubuhi ya Onyesho la 3. Lennox, mtukufu mwingine ambaye hajui lolote, anasimulia dohani zilizoangushwa na upepo, vilio hewani na ardhi iliyosemekana kutetemeka. Macbeth, anayejua yote, anajibu kwa ufupi tu kwamba usiku ulikuwa mbaya. Chambua ufupi huo. Lennox anasema katika umri wake mdogo hajaona mfano wake; mzee wa Onyesho la 4, mwenye kumbukumbu ya miaka 70, anasema vivyo hivyo.

Vipimo: aya 5, nukuu 2 kwa kila aya ya katikati, kila moja isizidi mstari mmoja. Mzimu wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth anaamuru auawe baadaye, uache kama swali linahusu Duncan pekee, maana huo unatokana na mauaji mengine, na mtahini atakuuliza umefuata nini huko.